Kutoka kiti cha magurudumu hadi kombaini: jinsi haki ya kutengeneza ilivyopitishwa Colorado

Ngano ya Colorado hupandwa vuli na kuvunwa kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Majuma hayohayo, katika tambarare za mashariki, ni msimu wa mvua ya mawe. Wingu moja la alasiri laweza kulaza shamba zima kabla ya magharibi, ndiyo maana kombaini haipumziki. Sasa chukua kombaini ya kisasa ambayo sensa moja kwenye mfumo wa moshi imekufa. Skrini inaonyesha namba ya hitilafu, injini inajipunguzia nguvu yenyewe, mashine inabaki kutambaa. Sensa mpya mkulima anaweza kuinunua na kuifunga mwenyewe. Lakini kwa matengenezo ya aina hii mara nyingi kompyuta ya injini haiitambui kazi iliyofanyika mpaka iunganishwe na programu ya kampuni ili hitilafu ifutwe na kipuri kisajiliwe. Programu hiyo, katika toleo lake kamili, alikuwa nayo wakala wa kampuni peke yake. Wakala ana foleni, na shamba la mkulima liko mbali naye.

Sheria iliyolenga tatizo hili inaitwa HB23-1011. Gavana Jared Polis aliisaini tarehe 25 Aprili 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, na Colorado ikawa jimbo la kwanza Marekani kumpa mkulima haki ya kutengeneza mashine zake kwa sheria iliyoandikwa kwa ajili hiyo. Aliyeubeba mswada tangu mwanzo ni Brianna Titone, mtaalamu wa jiolojia aliyechaguliwa mwaka 2018 kuingia Baraza la Wawakilishi la Colorado. Anatoka Arvada, mji wa pembezoni mwa Denver, mahali pa nyumba na maduka, si pa ngano. (Kwa msomaji aliyezoea "jimbo" kuwa eneo la uchaguzi: hapa jimbo ni Colorado nzima, yenye Bunge lake, gavana wake na sheria zake. Titone ni mbunge wa Bunge hilo la Denver, si la Washington.)

Tunaichambua kazi hii kwa sababu inaonyesha kitu ambacho taarifa za magazeti hukiruka. Haki hii haikupatikana kwa hotuba moja nzuri. Ilijengwa kwa miswada mitano katika miaka minne, wa kwanza ukiwa umeanguka, na kila uliofuata ulipita kwa sababu uliomba kidogo zaidi ya kile kilichokwisha kukubaliwa. Mtu yeyote anayetaka mbunge wake afanye jambo la maana aufuate mlolongo huu kwa makini.

Mwaka 2021: mswada mpana, kifo cha mapema

Mswada wa kwanza, HB21-1199, ulitaka haki ya kutengeneza karibu kila kifaa chenye umeme wa kidijitali ndani yake. Wazo lilikuwa sawa. Kosa lilikuwa la hesabu za kisiasa, kwani ulimkabili kila mwenye kiwanda kwa wakati mmoja. Mtengenezaji wa simu, wa trekta na wa mashine za hospitali hawana mengi yanayowaunganisha, lakini mswada mpana unawaketisha benchi moja mbele ya kamati, kila mmoja na hofu yake: wizi wa taarifa, majeraha, moshi, siri za biashara. Mjumbe wa kamati ambaye hana msimamo akisikia hofu kumi hahitaji kuziamini zote. Moja inamtosha kupiga kura ya hapana. Mswada ukafia katika Kamati ya Biashara na Kazi.

Kufa kwa mswada Colorado kuna utaratibu wake. Tangu wananchi walipopitisha marekebisho ya katiba mwaka 1988, mwenyekiti wa kamati hawezi kuukalia mswada kimyakimya. Kila mswada lazima usikilizwe na upigiwe kura na kamati uliyopelekwa. Hoja inayouua huitwa "kuahirisha bila kikomo", na kura zake zinaandikwa kwa majina. Jambo hili lina faida kubwa kwa mdhamini aliyeshindwa, yaani mbunge aliyeuleta mswada, kwa sababu anatoka na orodha. Anajua nani alikataa, na mara nyingi, kutokana na maswali yaliyoulizwa, anajua kwa sababu gani.

Kuna na kikwazo cha pili ambacho wapiga kura wengi hawakijui. Mkutano wa mwaka wa Bunge la Colorado una siku 120 tu, kuanzia Januari hadi Mei, na kwa kanuni zake kila mjumbe ana nafasi ya miswada mitano, ukiacha vibali vya ziada. Kuurudia mswada ulioanguka ni kutumia moja ya nafasi hizo tano tena, na wananchi wa Arvada nao wana mahitaji yao. Titone aliurudia, lakini aliukata.

Mwaka 2022: kiti cha magurudumu

Kiti cha magurudumu cha umeme kina betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo kupata volti 24, mota mbili, kijiti cha kuongozea, na kisanduku cha kompyuta kinachoamua kasi, jinsi kiti kinavyoondoka, na jinsi kinavyokata kona. Mipangilio hiyo hufanywa kwa kila mtumiaji kulingana na mwili wake. Mtu ambaye mkono wake unatetemeka anahitaji kijiti kisichoshtuka kwa kila mtikisiko. Kijiti kikifa, kukibadilisha ni kazi ndogo. Kurudisha mipangilio ndiko kunakohitaji kifaa cha kampuni chenye ruhusa ya wakala, na fundi wa mtaani hana. Hata betri, ambazo duka lolote la betri laweza kuziagiza, mara nyingi zilingoja idhini ya bima.

Wakati huo wote mwenye kiti yuko kitandani. Hakuna kiti cha akiba chenye vipimo vyake, na mtu asiye na hisia miguuni akikalishwa kwenye kiti kisichomfaa kwa majuma anapata vidonda vya mgandamizo. Kucheleweshwa kwa kijiti kunaweza kumfikisha hospitali.

HB22-1031 ulihusu viti vya umeme peke yake. Mdhamini mwenza katika Baraza la Wawakilishi alikuwa David Ortiz, mwanajeshi wa zamani aliyepooza baada ya helikopta kuanguka Afghanistan mwaka 2012, na mbunge wa kwanza wa Colorado kutumia kiti cha magurudumu. Kamati ilipouliza swali kuhusu viti, aliyejibu alikuwa amekaa juu ya kimoja. Katika Seneti mswada ulichukuliwa na Rachel Zenzinger wa chama cha Democratic na John Cooke wa Republican. Gavana aliusaini Juni 2022, ukaanza kazi tarehe 1 Januari 2023.

Pamoja nao ukapita mswada wa pili, HB22-1290, ambao magazeti hayakuushughulikia sana. Huu uliizuia idara ya jimbo inayosimamia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, kudai idhini ya awali kwa matengenezo ya viti hivi. Kwa maoni yetu hapa ndipo palipo ustadi. Haki ya kutengeneza bila kuondoa idhini ingemwezesha fundi kupata mwongozo na kipuri, kisha akae nao akisubiri karatasi ya bima. Ucheleweshaji ulikuwa na milango miwili, na yeyote aliyefuatilia safari ya kijiti kimoja tangu kinapoharibika hadi kinapofungwa angeiona yote miwili.

Mwaka 2023: mlango ulikuwa wazi tayari

Sheria ya viti iliandikwa kwa namna ambayo kuipanua hakukuhitaji kuandika kila kitu upya. Iliingia katika Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Colorado kama sehemu inayojitegemea, kuanzia kifungu 6-1-1501, ikiwa na tafsiri ya maneno, wajibu wa mtengenezaji, na mipaka ya wajibu huo. Mswada wa mashine za shamba ulichofanya kwa sehemu kubwa ni kuongeza mashine hizo kwenye tafsiri ya "kifaa": trekta, kombaini, mashine ya kupulizia dawa, ya kulimia, ya kufunga marobota ya nyasi, na nyinginezo za kilimo na ufugaji. Wajibu ulikuwa umeshaandikwa. Bunge lilikuwa limeshaupitisha mwaka mmoja kabla, na aliyetaka kuupinga ilimbidi aeleze kwa nini kilichomfaa mwenye kiti hakimfai mkulima.

Mashirika yaliyogawanyika kuhusu sheria hii yalikuwa ya wakulima wenyewe. Tarehe 8 Januari 2023, siku moja kabla ya Bunge la Colorado kufunguliwa, American Farm Bureau Federation, shirika la wakulima la kitaifa, ilitia saini hati ya makubaliano na John Deere, kampuni inayotengeneza matrekta na kombaini, kwenye mkutano wake mkuu huko San Juan, Puerto Rico. Kampuni iliahidi kuwapa wakulima na mafundi huru vifaa, programu na miongozo kwa masharti ya haki. Shirika nalo likaahidi kutounga mkono sheria za majimbo zinazoenda mbali zaidi, na kampuni ikabaki na nafasi ya kujitoa endapo sheria kama hizo zitapitishwa. Wapinzani wa mswada walikuja na hati hiyo mkononi: tatizo limekwisha, sheria ya nini?

Jibu lilikuwa la kisheria na lilikuwa rahisi. Makubaliano hayo hayakuwa na mahakama nyuma yake. Mkulima ambaye si mmoja wa watia saini, akinyimwa programu, hana pa kuipeleka hati hiyo zaidi ya kuilalamikia kampuni kwa kampuni yenyewe. Tena ilihusu kampuni moja, wakati shamba moja laweza kuwa na mashine za rangi tatu, yaani za kampuni tatu. Rocky Mountain Farmers Union, shirika jingine la wakulima wa eneo hilo, liliunga mkono mswada. Mdhamini mwenza safari hii alikuwa Ron Weinberg, Mrepublican kutoka Loveland. Kwa idadi ya wajumbe, Wademocrat walikuwa 46 kati ya 65 katika Baraza la Wawakilishi na 23 kati ya 35 katika Seneti, na kinachohitajika ni kura 33 na 18. Kwa hesabu kavu Weinberg hakuhitajika. Lakini maeneo ya ngano na mahindi huchagua Warepublican, na sheria ya mkulima iliyopitishwa na watu wa mjini peke yao ingeonekana ni ya kuletewa. Seneti iliongozwa na Janice Marchman na Nick Hinrichsen.

Sheria inasema nini hasa

Mtengenezaji lazima ampe mwenye mashine na fundi huru vipuri, programu iliyomo ndani ya mashine, zana, na nyaraka: miongozo ya kupima hitilafu, ya matengenezo, na michoro ya nyaya. Lazima avitoe kwa bei na masharti ya haki. Kipengele chochote cha mkataba mpya kinachojaribu kumwondolea mtengenezaji wajibu huu ni batili. Asipotii, anahesabika amefanya biashara ya udanganyifu chini ya sheria ya mlaji.

Upande wa pili ndio unaopaswa kusomwa mara mbili, kwa sababu ndio uliowapa wajumbe wenye wasiwasi sababu ya kusema ndiyo. Mtengenezaji hatakiwi kutoa siri za biashara. Mwenye mashine na fundi huru hawaruhusiwi kuzima kwa kudumu mifumo ya tahadhari za usalama, wala kuibadilisha mashine iwe kinyume cha sheria za moshi, usalama au hakimiliki. Yaani kubadilisha sensa ya moshi ni ruksa. Kuuondoa mfumo wa moshi ili trekta ipate nguvu zaidi si ruksa.

Hoja ya moshi ndiyo iliyopigiwa debe zaidi na wapinzani: ukimpa mkulima programu, atavuruga udhibiti wa moshi na kuvunja sheria ya shirikisho ya hewa safi. Miezi michache baada ya kusainiwa, Agosti 2023, mkuu wa shirika la mazingira la Marekani, Michael Regan, aliiandikia National Farmers Union, shirika jingine la wakulima la kitaifa, akieleza kwamba sheria hiyo haimzuii mwenye mashine kujitengenezea wala haipaswi kutumiwa kama kisingizio. Barua hiyo ilichelewa kwa Colorado, lakini imewafaa waliofuata.

Mwaka 2024: simu, na kipuri kinachokataliwa

Miaka mitatu baada ya mswada mpana kuanguka, sehemu kubwa ya kile ulichotaka ilirudi. HB24-1121, uliodhaminiwa na Titone na Steven Woodrow, ulisainiwa tarehe 28 Mei 2024 na ulipangwa kuanza tarehe 1 Januari 2026. Unahusu simu, kompyuta na vifaa vingine vya kidijitali vilivyouzwa au kutumika kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 1 Julai 2021. Vifaa vya tiba, magari na mashine za michezo ya video vimeachwa nje.

Jipya lake ni marufuku ya kukifungia kipuri kwa namba. Kampuni hukipa kioo, betri au kamera namba yake, na simu ikaijua namba hiyo. Ukichukua kioo halisi kutoka simu nyingine ya aina ileile, kisicho na kasoro, simu inakataa baadhi ya kazi au inatoa onyo kwamba kipuri hakijulikani. Fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue anayepokea simu zilizotumika Marekani anaijua meseji hiyo vizuri, na mteja wake humdhania yeye ndiye aliyeweka kipuri feki. Sheria ya Colorado inakataza namna hiyo ya kufunga inapotumika kuzuia kipuri kizima kufanya kazi, kupunguza uwezo wa kifaa, au kuonyesha onyo linalopotosha. Oregon ilitangulia kwa miezi miwili, na huko Google iliunga mkono huku Apple ikipinga kifungu hiki hasa. Sheria hizi hazivuki mpaka wa majimbo yao, lakini kampuni ikilazimika kuandika programu inayokubali vipuri, kuandika nyingine kwa ajili ya watu wengine ni gharama ya ziada.

Inapokwama

Sheria ikishasainiwa, anayeisimamia ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo na waendesha mashtaka wa wilaya. Adhabu ya sheria ya mlaji hufika dola 20,000 kwa kosa moja. Kwa kampuni inayouza kombaini kwa mamia ya maelfu ya dola, kosa moja halitishi. Makosa mengi yaliyoandikwa vizuri yanatisha. Kwa hiyo nguvu yote inategemea malalamiko, na hapo ndipo watu wanapoteleza.

Kosa la kwanza ni kuomba kwa mdomo. Mkulima anampigia wakala simu, anaambiwa "hatuuzi hiyo," anakata simu na kumwita fundi wa kampuni kwa sababu ngano haingoji. Hakuna kilichoandikwa, hivyo hakuna kosa la kuthibitisha. Kosa la pili ni kumwomba wakala badala ya mtengenezaji, wakati wajibu wa sheria uko kwa mtengenezaji. La tatu ni kuomba "programu" kwa ujumla. Kampuni inajibu kuwa ipo, inamwonyesha toleo la wateja linalosoma namba za hitilafu lakini lisiloweza kusajili kompyuta mpya ya injini, na kwenye karatasi imejibu ombi.

Ombi linalofaa lina mambo haya: namba ya mashine kama ilivyo kwenye kibao chake, saa za injini, namba ya hitilafu kama ilivyoonekana kwenye skrini pamoja na picha yake, kipuri kilichobadilishwa na namba yake, kisha kazi mahsusi inayohitaji programu, kwa mfano "kusajili sensa mpya na kufuta hitilafu". Liandikwe kwa mtengenezaji kwa barua pepe, nakala kwa wakala, likitaja kifungu 6-1-1503 na kuomba bei kwa maandishi. Jibu likija na bei, litunzwe. Lisipokuja, ukimya nao ni ushahidi, mradi tarehe ya ombi ipo. Nyaraka hizo ndizo zinazoambatanishwa na malalamiko kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Mwenye kiti cha magurudumu afanye vivyo hivyo, akiongeza tarehe kiti kilipoacha kutembea.

Bei nayo ni uwanja wa vita. "Ya haki" ni neno la kubishaniwa. Julai 2025 John Deere ilianza kuuza huduma mpya ya kidijitali ya matengenezo kwa dola 195 kwa mashine moja kwa mwaka. Kwa trekta moja si mzigo. Kwa fundi huru anayehudumia mashine za wakulima arobaini ni hesabu nyingine kabisa, na fundi huyo ndiye ambaye mkulima asiye na muda wala ujuzi wa kompyuta anamtegemea.

Mvutano huo pia uko mahakamani kwa njia nyingine. Januari 2025 Tume ya Biashara ya shirikisho ilimshtaki Deere pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, na baadaye Michigan, Wisconsin na Arizona yakajiunga, kwa madai ya kuhodhi soko la matengenezo. Colorado haimo katika orodha hiyo. Yenyewe ina sheria yake, na kinachosubiriwa ni mafaili ya maombi yaliyonyimwa, yenye tarehe na namba za mashine, yafike kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu kwa wingi wa kutosha kufungua kesi.